Yule Dada wa Sahani Kubwa

Baba yangu aliwahi kununua punda kwa Wasukuma waliokuwa wamehamia bondeni kwetu na ng'ombe wao, na mpaka leo sijaamua nani alimpunja nani. Punda mwenyewe alikuwa mzima: miguu minne, meno yote, mgongo wa kubeba gunia. Ila wale jamaa walisahau kusema jambo moja. Akisikia muziki anasimama. Iwe ngoma, iwe filimbi, iwe mama anayeimba huku anatwanga, kwake yote sawa. Anasimama katikati ya njia, masikio juu, mpaka mwimbaji achoke. Baba akawa anatangulia mbele kuwaomba watu, "Jamani, nyamazeni kidogo nipitishe mnyama." Basi watu wakimwona tu kwa mbali, ndiyo wanaanza kuimba. Hata wasiojua kuimba.

Mimi ndiye niliyekuwa dereva wa punda huyo. Shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulisoma, nililionja. Kwa hiyo nyie mnaosoma hapa, mkiona herufi imekaa vibaya isogezeni wenyewe, msinitafute.

Siku moja tulipeleka mahindi Mpanda mjini. Tulipofika karibu na stesheni, punda akasimama mbele ya kibanda cha fundi redio. Ndani redio inapiga dansi. Wimbo ukaisha, tukashukuru. Ukaanza mwingine. Baba akamvuta, akamsukuma, akamtukana kwa Kibende kwa sababu Kiswahili hakikutosha. Mwisho akaniambia, "Kaa na mwenzio. Mimi nakwenda kumtafuta mnunuzi, aje huku huku." Akaondoka. Fundi akatoka nje, mwanaume mwembamba wa Kifipa, miwani yake imefungwa kwa waya.

"Huyu punda wako," akaniuliza, "anasikiliza, au amekufa amesimama?"

"Anasikiliza. Shikamoo."

"Marahaba. Basi ana akili kuliko wateja wangu. Njoo unishikie waya huu."

Nikashika. Umeme ukanirusha mpaka kwenye magunia. Nikainuka, nikajipangusa, nikarudi kushika waya ule ule, maana ndivyo nilivyoagizwa. Fundi Sikazwe, ndilo jina lake, akaninyang'anya waya.

"Ama wewe ni mjinga," akasema, "ama wewe ni fundi. Kesho uje tuangalie."

Nilikwenda. Nikakaa kwenye kazi hiyo mpaka nimezeeka, na lile swali lake bado halijapata jibu.

Sasa nyie vijana mnaotengeneza simu pale sokoni, niwaambie kitu. Simu haijafika mezani, mmeshasema kioo kimekufa. Sisi redio ikiletwa imezimika, Fundi Sikazwe alikuwa hashiki pasi ya kulehemu kabisa. Anaigeuza juu chini, anaitikisa. Mende anadondoka. Anatikisa tena, anadondoka na mkewe. Redio inaimba. Nusu ya redio za mji huu hazikuwa na ugonjwa, zilikuwa na wapangaji, kwa sababu mende anapenda joto la mle ndani kama mimi ninavyopenda jua la saa mbili asubuhi. Na mteja akirudi, usimwambie kwamba ilikuwa mende. Utamwaibisha mke wake mbele ya mji. Mwambie ilikuwa kapasita. Nimewasitiri wake wengi wa Mpanda kwa neno kapasita.

Lingine ni masikio. Siku hizi mna mashine za kupima spika. Sisi tulikuwa tunaiwekea sikio, tunafungulia sauti yote, tunasikiliza inapokwaruza. Mimi niliiwekea la kushoto, nalo likafa zamani. La kulia lipo, lakini miaka hii linafunga taratibu kama duka la mtu anayefilisika: leo rafu hii tupu, kesho ile. Zile sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kuondoka. Ndege siwasikii tena, nawaona tu wanafungua midomo. Mlio wa simu wananiambia watu. Nawaeleza mapema ili mjue kwa nini nilihangaika vile, mzee mzima, kwa ajili ya sahani nyeusi. Kulikuwa na sauti ya dada mmoja ambayo nilitaka niisikie tena kabla rafu ya mwisho haijabaki tupu.

Dada huyo alikuja na barabara. Enzi ndugu zetu kutoka Burundi walipokuwa wanafyeka msitu kule Mishamo ili wapate pa kulima, kulikuwa na mzungu mmoja anayesimamia uchongaji wa barabara. Jina lake lilitushinda, tukamwita Bwana Greda. Redio yake ilikuwa inaletwa kwetu kila mara, mende watupu. Mkataba wake ulipokwisha akapita kibandani na sanduku la mbao, akasema, "Muziki mzuri sana," akatupa mkono wa kwaheri, akaenda kupanda treni.

Tukafungua. Santuri. Lakini si kama zetu. Santuri tulizozijua Mpanda zilikuwa ndogo, saizi ya kisahani cha chai, za dansi. Hizi zilikuwa kama masinia. Majalada yake yalikuwa na picha, nadhani, maana tuliyaweka stoo mpaka Jumapili, na Jumapili mchwa walikuwa wameshayasoma yote. Tukabaki na masinia meusi yenye karatasi ya mviringo katikati, na Kiingereza ambacho hatukujua kama ni jina la mtu, la kiwanda au la mji.

Leo najua, nimeambiwa, zile zilikuwa jazi, fanki na soli za Wamarekani weusi. Wakati ule tuliziita zote "za Greda". Kwetu jazi ilikuwa bendi yenye magitaa matatu na mwimbaji mmoja anayesema habari za mke wa jirani.

Fundi Sikazwe alikuwa ndiye mpiga santuri wa klabu moja pale Shanwe. Kila Jumapili mchana kulikuwa na bugi, vijana wanakuja na suruali pana chini kama mifuko ya mahindi. Pleya ya klabu ilikuwa na kidude cha kubadilisha mwendo. Kilivunjika kabla sijafika, na Fundi akakifunga kwa waya kwenye mwendo wa zile santuri ndogo, kwa sababu mji mzima hakukuwa na nyingine. Mkanda wa mota aliukata kwenye tyubu ya baiskeli. Ulikuwa mkanda mzuri, na mpaka leo nawashauri: tyubu ya zamani, iliyolegea, si mpya.

Siku tulipoleta masinia ya Greda nikamuuliza, "Fundi, hii kubwa haina mwendo wake?"

Akafikiri. Hakuwa mtu wa kujibu ovyo.

"Tairi la lori na tairi la baiskeli, lipi linakwenda kasi?"

"La lori."

"Umejijibu."

Akaweka sindano. Jamani. Muziki ulitoka unakimbia. Tarumbeta zilikuwa mbu. Ngoma zilikuwa mahindi yanayomwagwa juu ya bati. Vijana walijaribu, siwezi kuwanyima sifa, walijaribu kwa moyo. Walirusha miguu, wakagongana, wengine wakaenda kushika ukuta wapumue. Mmoja akasema, "Hawa Wamarekani wana haraka, ndiyo maana wamefika mwezini." Mwingine, ambaye habari yake nitairudia, akavua kandambili akaitupia pleya, akapiga kelele, "Leteni dansi! Hatukuja hapa kufukuzwa!"

Fundi hakutetereka. Akachukua sinia jingine, lenye karatasi ya rangi ya chungwa. Akaliweka.

Akaimba msichana.

Sijui niwaelezeje. Sauti nyembamba, ya juu, yenye haraka, kama msichana anayekwambia jambo mlangoni kabla baba yake hajatoka msikitini. Yule wa kandambili akabaki amesimama na mguu mmoja wazi. Wimbo ulipokwisha hakuna aliyeomba dansi. Waliomba arudiwe yeye. Tukamwita Dada Chungwa, kwa ile karatasi, na vijana wa Shanwe wakaharibikiwa. Kuna aliyeapa kujifunza Kiingereza ili amjibu. Kuna aliyesema amemuota, amevaa gauni la kijani, na kuna aliyegombana naye kwa sababu yeye alimuota kwenye la bluu. Mimi nilikuwa nachana nywele kabla ya kuweka sindano.

Nje ya mlango wa klabu kulikuwa na binti wa Kikonongo akiuza karanga. Siku moja nikatoka kununua, nikamwambia, kwa kujifanya tu, "Umemsikia huyu dada anavyoimba?"

"Dada gani?"

"Si huyu."

"Huyo mwanaume," akasema, huku anafunga karanga.

"Mwanaume gani mwenye sauti hiyo?"

"Sijui mmemfanya nini kooni. Lakini huyo mwanaume, anaomba asifukuzwe. Mwanamke haombi hivyo. Mwanamke akiomba anakutajia yote aliyokufanyia. Huyo hana cha kutaja."

Nilicheka mpaka karanga zikamwagika. Yule binti ndiye Mama Yustina, mke wangu. Tumezaa, tumezika wazee wa pande zote mbili, tumegombania shamba, tumegombania kuku, lakini ugomvi wetu mkubwa wa ndoa ni ule wa mlangoni. Mimi nikiwa fundi wa sauti, naye muuza karanga. "Baba Yustina," atasema huku anachagua mchele, hakuna hata aliyemuuliza, "yule hawara yako ana ndevu."

Kaseti zikaja, bugi ikafa. Fundi Sikazwe akarudi kwao Sumbawanga na miwani yake, na huko ndiko alikozikwa. Lile sanduku likaja nyumbani kwangu Kawajense, likakaa juu ya dari. Hapo ndipo anapoingia shemeji yangu Kasonso, kaka yake Mama Yustina, mrina asali. Yeye mizinga yake ni ya magogo, ameitundika msituni upande wa kwenda Mishamo. Mzinga wa gogo unataka vifuniko vya mviringo pande zote mbili, na cha mbele kiwe na tundu la nyuki kupita. Kuchonga kifuniko kimoja kwa tezo ni kazi ya kukuvunja mgongo. Basi shemeji alikuja kusalimia, mimi sipo, nimekwenda kutikisa mende mahali. Akaona sinia moja limetumika kufunikia mtungi. Akalipima kwa shubiri. Akachungulia kwenye tundu la katikati.

"Dada," akamuuliza mke wangu, "hivi vifuniko mnavyo vingi?"

Niliporudi sanduku lilikuwa tupu.

"Na Dada Chungwa?" nikauliza.

"Amepata kazi," akasema Mama Yustina. "Porini."

Miaka ikapita mingi tu. Nikastaafu, kama fundi redio anaweza kustaafu. Ukweli ni kwamba redio ndizo zilizostaafu. Kisha, juzi juzi hapa, akanijia kijana kutoka Dar es Salaam. Nywele nusu nyeusi, nusu rangi ya ugali wa dona. Shingoni amevaa spika za masikio ambazo hazikuchomekwa popote. Akajitambulisha kwamba anaitwa Selekta.

"Shikamoo mzee wangu. Nimeambiwa wewe ndiye fundi wa kitambo. Natafuta santuri, zile kubwa, jazi, fanki, soli. Zile ambazo hazikuvuma."

"Zilizovuma huzitaki?"

"Ah, mzee, zilizovuma kila mtu anazo. Siku hizi Dar, Ulaya, Japani huko, watu wanatafuta zile zilizosahaulika. Ambazo watu hawakuzipenda."

"Basi umefika," nikamwambia. "Hakuna mji uliozichukia kama huu."

Nikamweleza habari ya mizinga. Akakaa chini. Nilidhani jua limempiga. "Daah," akasema. "Zinafunika nyuki?" Machozi yalimlenga, na mimi nikampenda hapo hapo, kwa sababu sikuwahi kumwona mtu mwingine akilengwa na machozi kwa ajili ya masinia yale. Nikamwambia nitampeleka kwa sharti moja: tukipata lenye karatasi ya chungwa, mimi ndiye nitakayelisikia kwanza.

Tukapanda bodaboda mpaka kwa Shemeji Kasonso. Shemeji alimnusa kijana kabla hajamsalimia.

"Umejipaka nini?"

"Pafyumu, mzee. Kitu cha Dubai."

"Nyuki wangu hawajafika Dubai. Kaoge kwanza. Bila sabuni ya manukato."

Selekta akatabasamu, akanikonyeza, akanawa uso tu, akadhani ni mila. Akaniambia pembeni kwamba anaheshimu sana imani za wazee. Haikuwa imani. Tulikuwa hata hatujafika kwenye mti wa kwanza nyuki wakaja kuiangalia hiyo Dubai. Yule kijana alipita kwenye shamba la mihogo la watu kwa mwendo wa lori tupu, zile spika za shingoni zikabaki zinaning'inia kwenye mhogo. Shemeji wala hakuinuka. "Anarudi," akasema. "Upande ule kuna mto." Alirudi, ameoga, jicho moja limefunga, na kuanzia hapo alikuwa anauliza kabla ya kushika kitu.

Sasa mrina asali hafungui mzinga kwa sababu mgeni amekuja. Unafunguliwa asali ikiiva. Na kifuniko hakiondolewi pasipo kingine. Kwa hiyo tulingoja msimu, na wakati tunangoja mimi na Selekta tukachonga vifuniko vya mbao kwa tezo, mikono yake laini ikatoka malengelenge. Msimu ulipofika shemeji akapanda miti mwenyewe, na moshi wake, na kila akiteremsha sinia anampa Selekta, na Selekta analibusu. Mengine yalikuwa yamejikunja kama chapati. Shemeji alisikitika kweli kuyatoa. "Vifuniko hivi sijapata kuona mfano wake," akasema. "Tundu linawatosha nyuki tu. Mjusi hapiti, panya hapiti. Mzungu yule alikuwa anajua nyuki."

Dada Chungwa alikuwa kwenye mzinga wa mwisho. Uso wake wa nje ulikuwa umekwisha, mvua na jua vimeufanya kijivu, umepasuka pasuka. Lakini uso wa ndani nyuki walikuwa wameupaka nta yote, na ile gundi yao nyeusi, mstari kwa mstari.

Hapa nisikilizeni, maana haya hamtafundishwa. Nta hiyo usiichokonoe kwa kisu, na usiipashe moto, santuri itakunja mgongo. Selekta alikuwa na dawa ya chupa, nikamwambia arudishe mfukoni. Tukaenda kwa jirani anayeuza soda, tukaomba sehemu kwenye friji yake. Baridi ikishaingia, nta inakauka kama biskuti, unaigonga kwa kucha inaruka yenyewe. Kisha maji ya uvuguvugu, na kipande cha kanga iliyofuliwa mpaka imesahau maua yake. Unafuta kwa kuzunguka, usikate mistari. Unaisimamisha kivulini. Chini ya ile nta santuri ilikuwa inang'aa kama imenunuliwa jana.

Mama Yustina alipita na ndoo. "Unamwogesha?"

"Nasafisha santuri."

"Mimi hujawahi kuniogesha hivyo," akasema, akaendelea na safari yake.

Nilitaka tuisikilize siku hiyo hiyo. Lakini pleya ya Selekta ilikuwa Dar, itakuja na basi, na kabla basi halijafika habari zilikuwa zimeshafika mjini, na zilipofika mjini ikaundwa kamati. Hili nyie mtalizoea. Kitu kikiwa porini kina mwenyewe mmoja na nyuki wake. Kikisafishwa kinapata kamati. Mwenyekiti wake alikuwa nani? Yule wa kandambili. Sasa ana kitambi na shati la kitenge, na akasema mbele ya watu, bila hata kukohoa, kwamba Mpanda siku zote imekuwa chimbuko la jazi, na kwamba yeye binafsi alikuwa mstari wa mbele. Hapo hakudanganya. Asingekuwa mstari wa mbele kandambili isingefika.

Wakachapisha fulana. Wakapanga hafla. Selekta akanijia, jicho limeshafunguka.

"Mzee wangu, kamati inaomba ile ya chungwa tusiipige kwanza. Ipigwe siku yenyewe, iwe mara ya kwanza."

"Tulipatana."

"Tulipatana, mzee, na utakuwa wa kwanza. Utakaa jukwaani, karibu na spika kabisa. Ila na wengine nao watakuwa wa kwanza."

Sikuwa na pleya. Nikakubali. Kila asubuhi nilikuwa natikisa kiberiti karibu na sikio la kulia, kuangalia kama njiti zimo.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa tangu asubuhi, mgeni rasmi akafika watu wameshakula. Ikapigwa dua, ikapigwa sala, ikapigwa ngoma. Mwenyekiti akahutubia. Akasema soli maana yake ni roho, na roho ndiyo maendeleo, na akaomba barabara ya kwake itazamwe. Akahutubia mwingine kuhusu fanki na vijana kujiajiri. Watu walizungumzia muziki mpaka jasho likakauka likatoka jingine, na muziki wenyewe umekaa pale mezani, kimya, umefunikwa kitambaa. Mama Yustina alikuwa safu ya tatu na wanawake wenzake, mkoba magotini.

Hatimaye Selekta akafunua kitambaa. Nikasogea nifute vumbi la sindano, mazoea ya kazi. Ndipo nikaona pembeni ya pleya kuna vitufe viwili na namba.

"Hivi ni nini?"

"Mwendo, mzee. Hii arobaini na tano ni ya santuri ndogo. Hii thelathini na tatu ya kubwa."

"Kubwa ndiyo ya kasi."

"Hapana, mzee. Kubwa ndiyo inakwenda polepole."

Nilishika meza. Hesabu ni kitu nilichokionja tu, lakini ile niliimaliza. Nikaona klabu nzima ya Shanwe imeshika ukuta inahema. Nikamwona Fundi wangu na tairi lake la lori. Nikamwona binti na karanga zake.

"Selekta. Anza na ya kasi."

"Itaharibika, mzee. Atalia kama katuni."

"Nina mtu wangu huko. Anza na ya kasi."

"Mzee wangu, mgeni rasmi anaangalia saa," akasema kwa upole, akabonyeza ya polepole, akaweka sindano.

Niliinama na sikio langu mpaka likagusa spika. Kwanza lilikuja gitaa zito, linatembea, halikimbii. Kati ya sauti na sauti kulikuwa na nafasi, mtu angeweza kupita na baiskeli. Kisha akaimba mwanaume.

Hakuwa kijana. Ilikuwa sauti nene ya mtu aliyechoka, na kila neno alilitoa taratibu, kama anayetoa vyombo vyake ndani, kimoja kimoja, akitumaini kwamba kabla hajamaliza ataambiwa arudishe. Sikujua neno hata moja, nikaelewa yote. Hakuwa na cha kutaja. Na mimi, ambaye ndege siwasikii, yeye nilimsikia mzima, mpaka pumzi anazovuta. Nilikwenda kumtafuta msichana, nikamkuta mzee mwenzangu amesimama mlangoni.

Nyuma yangu mshereheshaji alikuwa anamfunika kwa maneno kwenye kipaza sauti, anawakaribisha wadhamini. Simu zimeinuliwa juu. Nikamtazama Mama Yustina, nimejiandaa kwa kicheko chake. Hakucheka. Alikuwa amefumba macho.

Ukumbi ukaanza kupiga miayo. Mwenyekiti akasogea kwa Selekta akamwambia, "Huu si wenyewe. Wenyewe ulikuwa unachangamka. Changamsha!" Selekta akanitazama mimi, akawatazama watu, na yeye ni mpiga muziki wa watu. Akabonyeza arobaini na tano.

Loo, ukumbi ulilipuka. "Huo sasa!" akapiga kelele Mwenyekiti. "Huo ndio tulioujua!" Wazee wa zamani walisimama wakaanza kurusha miguu, wakamwita kwa jina, "Dada Chungwa! Dada Chungwa!" Mgeni rasmi naye akacheza. Hata Mama Yustina aliinuka, mkoba kwapani. Nikainamisha sikio tena kwenye spika. Nikalikandamiza. Ngoma nilizisikia, tena kwa mbali. Lakini mahali alipokuwa anaimba yule dada, kwangu hakukuwa na kitu.

Nikashuka jukwaani, nikachukua kofia yangu kwenye kiti, nikapita katikati ya watu wanaocheza, nikatoka. Nasikia walinitafuta kwa ajili ya picha. Pale sijarudi tena.